Chakula Chenye Kelele

Kama wewe pia utapandikiziwa sikio la mashine, usidhani sauti ya kwanza utakayoisikia itakuwa ya mwanao akikuita mama. Utasikia mate yako. Utayameza, na ndani ya kichwa kutapiga kishindo kama mtu ametupa jiwe kwenye mtungi wa maji. Mimi hakuna aliyenionya. Ndiyo sababu naandika haya, sasa kwa kuwa mabaya yamepita na ninaweza kuyasimulia bila kumkasirikia mtu. Au tuseme, bila kumkasirikia sana.

Jina langu ni Mwamini. Hapa Mikelenge, mjini Kindu, wananiita Mama Ramazani, au Mama Kiziwi wanapodhani siwatazami midomo. Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na nilikuwa mkali. Watoto hamsini na zaidi, na niliweza kumtambua anayenong'ona hata nikiwa nimegeukia ubao. Nayasema haya ujue nilikuwa na masikio ya namna gani.

Vita vilipofika kwetu, mume wangu alikuwa amevuka mto kwenda Alunguli asubuhi. Mchana askari wakazuia mitumbwi. Hakurudi, na mpaka leo hakuna aliyeniambia alilala wapi. Mimi nilimbeba Ramazani, aliyekuwa bado hajatimiza miaka minne, nikamshika mkono mdogo wangu Zaina, tukaingia msituni kwa njia ya Punia pamoja na majirani. Tulikaa huko mvua mbili. Katika mvua ya pili nikashikwa na homa, shingo ikakauka kama mti wa nyumba, nikaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Wakanibeba kwa machela siku nzima hadi kituo kimoja cha afya kilichokuwa kimebaki na muuguzi mmoja na chupa chache za dawa ya mshipa. Huyo mtu aliniokoa. Sijui jina lake, kwa sababu alipolisema nilikuwa sisikii tena.

Nilipopata fahamu niliona mdomo wake unacheza bila sauti, nikadhani ananitania. Nikamwambia, "Sema basi!" Akageuka akamtazama Zaina, na Zaina akaanza kulia. Nje mvua ilikuwa inapiga bati. Niliiona tu.

Miezi iliyobaki ya vita niliishi kwa kuvutwa kitenge. Ramazani akivuta mara moja, tunasimama twende. Akivuta mara mbili, tunalala chini. Mtoto wa miaka minne ndiye aliyekuwa anasikia bunduki kwa niaba yangu, na sikuwahi kujua alisikia nini kingine, kwa sababu hakuwa na njia ya kunieleza. Nilikuwa namtazama uso tu. Alizeeka mbele yangu.

Tuliporudi mjini, mkuu wa shule aliniandikia ubaoni, kwa mwandiko mzuri, kwamba nipumzike kwanza. Napumzika mpaka leo. Nikajifunza cherahani, nikapata kona sokoni Kasuku. Mteja wa mshonaji hahitaji kusema mengi. Ananionyesha kitambaa, ananionyesha picha, napima, anaondoka. Waliniambia kwa ishara kwamba nashona vizuri. Kuhusu mengine yote hawakuniambia kitu. Kiziwi hasemwi vibaya mbele yake, na hasemwi vizuri pia. Watu wanatabasamu, wanampungia mkono, wanapita. Nilikuwa mpweke sokoni, mpweke msikitini, mpweke harusini katikati ya ngoma ambazo nilizisikia kwa nyayo tu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na sitaipamba.

Zaina aliolewa, akahamia Ubelgiji, anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Ndiye aliyepata habari. Aliniandikia kwa simu kwamba kuna hospitali inajaribu sikio jipya, lote linakaa chini ya ngozi, hakuna kipande kinachoning'inia nje, na wanatafuta watu waliopoteza kusikia wakiwa wakubwa. Tiketi ni juu yao. Ramazani aliusoma ujumbe ule mara tatu. Alikuwa na miaka karibu thelathini, anabeba watu kwa pikipiki, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ameoa msichana wa Kibombo anayeitwa Feza. Aliniandikia kwenye kiganja changu kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya tangu alipojua herufi: NENDA.

Nilikwenda wakati wa kiangazi. Nikwambie kuhusu vyumba vya kusubiri, maana huko ndiko utakakoishi. Kwetu ukiingia hospitali unasalimia, unajibana kwenye benchi, na baada ya muda unajua nani ana mgonjwa gani. Kule kila mtu ana kiti chake, na anatazama namba ukutani. Tulikuwa viziwi watupu mle ndani, watu saba, nane, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilisalimia siku ya kwanza kwa Kifaransa changu cha shule. Kumbe nilipiga kelele, maana Zaina alinibana mkono. Mzee mmoja tu aliinua kichwa. Siku zote zilizofuata alinipa pipi moja kutoka mfukoni, bila neno, na mimi nilimpa ile aliyonipa jana. Hatukuwahi kujuana majina. Nilimpenda yule mzee.

Walininyoa nusu ya kichwa. Walinipasua nyuma ya sikio, na nilipoamka dunia ilikuwa inazunguka kama niko mtumbwini. Kwa wiki tatu chai, mkate, hata maji, vyote vilikuwa na ladha ya sarafu ya shaba. Upande mmoja wa ulimi ukafa ganzi. Nilijitazama kwenye kioo, kovu jekundu, nywele upande mmoja, nikafunga kitambaa na sikukifungua hata mbele ya mdogo wangu.

Kisha wakawasha mashine. Nimekwisha kwambia nilichosikia. Mate. Pumzi. Meno yakigusana. Kitambaa changu kikisugua ngozi kilisikika kama mtu anaburuta gunia la mpunga. Fundi wa sauti, mwanamke mwembamba mwenye miwani, alikuwa mbele yangu anasema, na sauti yake ilikuwa mbali, nyembamba, nyuma ya makelele yangu mwenyewe. Nilianza kulia, na kulia nako kukawa na kishindo.

Akanieleza, Zaina akaniandikia. Mikro, yaani kile kinasa sauti, kwa kuwa kiko ndani ya nyama, kinasikia mwili kabla ya kusikia dunia. Basi wameweka pembeni yake kipande kingine kidogo ambacho hakisikilizi nje kabisa. Chenyewe kinahisi tu mtikisiko wa mwili. Mashine inachukua kilichosikiwa na cha kwanza, inatoa kilichohisiwa na cha pili, na kinachobaki ndiyo sauti ya watu. Nilimwambia Zaina, huku si kupepeta mchele? Makapi yaende, mchele ubaki. Fundi alipotafsiriwa alifurahi. Lakini mashine, alisema, lazima kwanza ifundishwe makapi yako yakoje. Kila mtu ana mwili wake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na ni kosa ambalo mzungu asingelifanya.

Waliniweka katika chumba chenye kuta za sponji. Wakaniambia nikohoe. Nikakohoa, mkono mdomoni, taratibu, kama mtu aliyelelewa. Wakaniambia niseme maneno kwa sauti yangu ya kila siku. Mbele ya munganga, daktari mzima? Nilisema chini, macho chini. Wakanipa biskuti kwenye kisahani na glasi ya maji, wakaniambia nile kama ninavyokula kwangu. Sasa mimi ni mtu mzima wa Maniema. Niko ugenini, nimepewa chakula na watu walionipasua kichwa bure, wamesimama wananitazama, wenyewe hawali. Nilifanya nini? Nilivunja kipande kidogo. Nilitafuna midomo imefungwa, polepole, bila mlio. Nikabakiza nusu nzima kwenye kisahani ili wasiseme nina njaa. Fundi akauliza kama ndivyo nilavyo siku zote. Nikasema ndiyo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha kula kwangu, na mashine ikajifunza mwili wa mgeni.

Lakini kwa nusu saa ile tulidhani tumefaulu. Fundi aligeuza vitu kwenye kompyuta yake na makelele yakashuka, yakashuka, nikamsikia Zaina nyuma yangu akisema, "Dada." Sitaeleza. Wewe uliye kiziwi utajua siku yako ikifika.

Nilirudi Kindu mvua za kwanza. Ramazani alinipokea uwanja wa ndege. Nilimwacha kwenye masikio yangu akiwa na sauti ya mtoto wa miaka minne, na mwanaume aliyefungua mdomo mbele yangu alikuwa na sauti ya baba yake. Aliniambia, "Karibu mama, umefika muzuri?" nikamwambia aseme tena. Feza alikuwa nyuma yake, amevaa kitenge kipya. Akapiga goti akasema, "Mama, sasa utanisikia mupaka utachoka." Tulicheka wote watatu hapo uwanjani.

Jioni hiyo Feza akaleta bugali ya muhogo, sombe ya majani yake iliyoungwa kwa mafuta ya ngazi, yaani mawese, na samaki wa mto Lualaba. Sisi watatu tunakula sahani moja. Nikanawa, nikakata tonge, nikachovya, nikameza. Unajua bugali yetu haitafunwi. Inateremka nzima. Mashine ilikuwa imefundishwa biskuti. Lile tonge liliposhuka nilisikia kitu kama ukingo wa mto unaporomoka. Kisha mwiba wa samaki ninaufyonza, kisha ulimi, kisha tonge lingine. Niliinua macho, midomo ya Feza ilikuwa imefungwa, ananitazama. Sikujua kama alikuwa amesema kitu.

Siku za kwanza nilivumilia. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa walijua nasikia. Zamani nisipojibu, ni kiziwi. Sasa nisipojibu, nina jeuri. Mara moja nikiwa na tonge kinywani nilimwona Feza amesimama karibu yangu muda mrefu na kikombe mkononi, kisha akageuka akaenda. Baadaye Ramazani aliniambia alikuwa ameniuliza mara tatu kama chumvi imetosha.

Nikaamua kula peke yangu. Niliona ni busara. Wao wakila, mimi naendesha cherahani chumbani; wakimaliza, nachukua sahani yangu barazani nyuma ya nyumba na kupiga vishindo vyangu bila kumuudhi mtu. Nilifurahia akili yangu kwa siku mbili hivi.

"Mama," Ramazani akaniuliza, "Feza amekukosea?"

"Hapana, hajanikosea kitu."

"Basi juu ya nini hauko unakula na sisi?"

Nikatafuta namna ya kumweleza, na mimi niliyefundisha watoto miaka tisa nikatoa jibu bovu kuliko yote. "Chakula iko na makelele," nikasema.

"Makelele? Sombe njo iko nasema?" Alicheka, eti sombe ndiyo inayosema. Feza hakucheka.

Kwetu mtu akiacha kula mkononi mwako amekushitaki bila kufungua mdomo. Kila mtu anajua maana yake. Mama mkwe anayejitenga na chakula, anawaacha wenzake wale kwanza, kisha anabeba chake kando, huyo anasubiri kuona nani ataanguka. Mimi nilisahau. Miaka ishirini nje ya maneno ya watu inakusahaulisha watu wanavyosoma mambo. Lakini jirani mwenye macho alipita barazani mara mbili akanikuta na sahani yangu, na habari ikafika kisimani kabla ya ndoo. Nilianza kushangaa kwa nini wanawake wananyamaza Feza akifika, na kwa nini Feza anarudi na ndoo ya maji, macho mekundu.

Mchana mmoja nilikuwa nakata kitambaa chumbani. Cherahani imesimama, sili, simezi, kitambaa cha kichwa nimekifungua. Mwili wangu ulikuwa kimya. Na kupitia ukuta wa matofali mabichi nikasikia maneno, wazi, moja moja, bila kumtazama mtu mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita kusikia maneno mengi namna ile bila macho kunisaidia.

"Uniruhusu nirudie kwetu Kibombo," Feza alikuwa anasema. "Sina nguvu tena. Watu wote wanasema mukwe wangu hawezi kula mu mukono yangu kwa sababu anajua kitu. Ramazani, miye siko mulozi, sijaroga mutu."

"Mama hawazi vile."

"Basi akule!"

Nilisubiri Ramazani ajibu. Nilishika mkasi, nikasubiri, na mwanangu hakuwa na neno la kunitetea kwa sababu sikuwa nimempa lolote. Nilikuwa nimepasuliwa kichwa niweze kumsikia, na sasa nilikuwa nakaribia kumvunjia nyumba kwa ajili ya hicho hicho. Sijawahi kuwa mpweke kama mchana ule, hata msituni.

Niliwaita wote wawili, nikaeleza mara ya pili, kwa urefu. Mikro, mwili, kipande cha pili, biskuti. Ramazani alielewa, au alitaka kuelewa. Feza aliitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" na sikuona kitu kimebadilika usoni pake. Ni nani angeamini? Mtu mzima amwambie mkwewe kwamba kumeza kunamzuia kusikia. Hata mimi ningecheka. Alichokubali ni kungoja. Ramazani alimwomba angoje mpaka nirudi kwa wale madaktari, maana walikuwa wamenipangia safari ya pili mwezi wa pili.

Nikamwandikia Zaina ukweli wote amfikishie fundi. Kwamba nilikula kama mgeni. Kwamba nilikohoa kama mgeni, nikasema kama mgeni. Jibu likaja siku ileile, na Zaina anasema yule mwanamke alijipiga paji la uso. Aliagiza nije na chakula chetu, kilekile, kilichotengenezwa na mkono uleule.

Kwa hiyo ikabidi nimwombe Feza anifungie chakula cha kupeleka hospitali ya Ulaya. Soma sentensi hiyo tena, halafu ujiweke mahali pake.

Alikuwa anatwanga. Alisimamisha mchi. "Mama, chakula yangu inaenda ku labo?"

"Inaenda pale pa hospitali, ndiyo."

"Kuipima? Waone kama iko na sumu?"

"Feza, mwanangu, si chakula njo wanapima. Ni miye njo wanapima. Chakula iko kama..." Nikakosa neno. "Miye njo niko na fujo, si weye."

Akarudi kutwanga. Siku tatu alifanya kazi bila kusema nami. Alikausha sombe juani, akachekecha unga wa muhogo mara mbili, akafunga samaki mkavu kwenye majani na karatasi. Siku ya kuufunga mzigo aliniita. Mbele yangu akachota unga kidogo kwa vidole akaweka kinywani. Akachota sombe kavu, akaweka kinywani. Akavunja mkia wa samaki, akala. Kisha akafunga fundo. Niliona aibu. Nilinyoosha mkono nichukue unga nile na mimi, akaniwahi, akauondoa mzigo. "Umekwisha kufungwa, mama," alisema.

Ubelgiji mwezi wa pili ni baridi ambayo inaingia kwenye kovu. Yule mzee wa pipi hakuwepo. Nilimtafuta siku zote nne, nikakaa na kiti tupu pembeni yangu. Mama anayesafisha sakafu, Mwafrika mwenzangu kutoka nchi nyingine, aliona ninatetemeka akanisogeza karibu na chuma cha ukutani kinachopasha chumba moto. Huruma za hospitali ni ndogo hivyo, na zinatosha.

Zaina alipika asubuhi nyumbani kwake, akaleta sufuria imefungwa kwa taulo. Chumba cha sponji kikanuka mafuta ya ngazi. Fundi akasema nile. Nikamwambia Zaina amwambie, leo asinitazame kama mgeni wake, akae ale na mimi, maana sili nikitazamwa. Yule mwanamke alivua koti jeupe, akanawa, akakaa. Zaina akakaa. Ndipo nikala. Nilikata tonge la mtu mwenye njaa. Nilimeza, nikafyonza mwiba, nikalamba vidole, nikabeua, nikamsema Zaina kwa kuzidisha chumvi huku kinywa kimejaa, na nilimsema kwa sauti ya sokoni. Fundi alikuwa na bugali imemkwama kooni na macho kwenye kompyuta. Mistari ilikuwa inaruka juu na chini. Alisema kitu, Zaina akaangua kicheko. "Anasema huyu ni mwanamke mwingine kabisa."

Ilichukua siku nne. Tulikula sufuria nzima na ya pili. Kila mlo anageuza, anauliza, ninakula, anageuza tena. Sikudanganyi: makelele hayakuisha. Hayataisha. Lakini yalirudi nyuma, yakawa kama watu wanaotwanga nyumba ya tatu, na mbele yake niliweza kumsikia Zaina akisimulia habari za wazee wake tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Sikupoteza neno.

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha kama mtoto wa sikukuu. Nilimwambia Feza kabla sijavua viatu: pika, leo nakula na nyinyi. Alipika wali siku hiyo, na maharage, na sombe. Akaweka sahani moja katikati. Nikasikia maji yakimwagika juu ya mikono yetu. Nikasikia mkeka ukilia Ramazani alipokaa. Nikala.

Nilimeza, na kule nyuma watu wangu wa nyumba ya tatu wakatwanga. Nikatega sikio nisikie mbele. Hakuna kitu. Tonge la pili, hakuna kitu. Nikaingiwa na hofu kwamba mashine imekufa njiani. Nikachukua kijiko nikagonga ukingo wa sahani, ukalia kama kengele ya shule, na Feza akashtuka. Mashine ilikuwa nzima. Nikawatazama. Ramazani alikuwa anakula ameinamisha kichwa. Alipotaka maji alimgusa Feza kiwiko na kuonyesha kikombe kwa kidevu. Feza akampa. Hawakufungua midomo ila kwa chakula.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwanangu alijifunza kula na kiziwi akiwa na miaka minne. Angemwambia nani nini? Alikua hivyo, akaoa, na mkewe aliingia katika nyumba ambamo watu hawasemi wakila, akafuata desturi ya nyumba. Siku ile aliponiuliza habari ya chumvi alikuwa anaivunja desturi kwa ajili yangu, akanikuta na tonge. Mvua zote zile niliulaumu mwili wangu kwamba unanifunikia sauti zao. Ulikuwa unafunika kimya. Nilitamani, nakwambia kweli, makelele yangu yarudi.

Wewe unayekaa na mtu asiyesikia, sema naye wakati wa kula hata kama ni bure. Kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Hilo ndilo pekee ninaloweza kukushauri, na mimi mwenyewe sikulijua.

Nikasema, "Feza, hii sombe umetia nini? Ni tamu sana. Uniongezee."

Feza alimtazama mumewe kwanza. Akaniongezea, miiko miwili mizima. "Nimetia karanga kidogo, mama," akasema, kwa sauti ndogo kama mtu yuko msikitini. Kisha akarudi kwenye tonge lake.

"Ramazani," nikasema. "Niambie kitu."

Aliinua kichwa. Mtu wa miaka thelathini. Akajaribu. "Mama, miye sijui kusema nikiwa nakula," akasema.

Kila mama duniani amemfundisha mwanawe asiseme na chakula kinywani. Mimi nilimwambia aseme hivyo hivyo, kinywa kimejaa, chochote. Alitazama sahani. Alitafuna, akameza nusu, na nusu ikabaki shavuni.

"Leo nilianguka na pikipiki pale Kasuku," akasema.

Mkono wa Feza ukasimama hewani na tonge lake. Hata yeye hakuwa anajua. Nikamwambia aeleze tangu mwanzo, nami nikaendelea kula.